Mahame kama Wasia, Mahame kama Ushahidi: Jiografia ya Wapalestina na Usomaji wa Visiwa vya Lamu

1.0 Utangulizi

Mnamo mwaka 1992 Taasisi ya Taaluma za Palestina ilichapisha kitabu kikubwa kilichohaririwa na mwanahistoria Walid Khalidi, All That Remains. Kitabu hicho kinaorodhesha vijiji 418 vya Wapalestina vilivyotekwa na kuhamwa katika vita vya 1948. Kila kijiji kinaelezwa kwa utaratibu ule ule: mahali kilipokuwa, idadi ya wakaazi wake, ardhi yake na namna ilivyotumiwa, jinsi kilivyotekwa, makaazi mapya yaliyojengwa juu ya ardhi hiyo, na mwishoni kile ambacho watafiti walikikuta walipokwenda kutazama. Kwa umbo lake kitabu ni orodha. Kwa dhima yake ni hoja, maana kila ingizo linamtaka msomaji akubali au akanushe jambo moja mahsusi kuhusu mahali pamoja mahsusi.

Kiswahili kina neno lake kwa mahali pa namna hiyo, nalo ni mahame. Mwambao mzima, kuanzia visiwa vya Wabajuni hadi kusini mwa Tanzania, umejaa mahame, na fasihi ya Lamu na Pate imeyatafakari kwa muda mrefu kuliko fasihi nyingine nyingi za Afrika Mashariki. Hata hivyo, namna fasihi hiyo ilivyozoea kuyasoma mahame inatofautiana sana na namna Khalidi na wenzake walivyoyasoma. Makala haya yanakusudia kuichunguza tofauti hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba katika funguvisiwa la Lamu mahame yamesomwa zaidi kama wasia kuliko kama ushahidi. Kwamba taaluma ya kisasa kuhusu Lamu, pamoja na sifa zake zote, iliuendeleza usomaji huo bila kukusudia. Na kwamba taaluma huisaidia harakati ya haki pale tu inapotaja mambo yanayoweza kuthibitishwa, yakiwemo yale yanayomwaibisha mdai mwenyewe.

2.0 Jiografia ya Wapalestina: Orodha na Hoja

Edward Said, katika Orientalism (1978), alionyesha kuwa mahali huundwa kwanza katika fikra na maandishi kabla ya kutawaliwa kwa nguvu. Alilolieleza Said kwa nadharia, wanajiografia wa Kipalestina walilifanyia kazi ardhini. Ghazi Falah alichapisha mwaka 1996, katika jarida la Chama cha Wanajiografia wa Marekani, uchunguzi wa vijiji vile vile 418. Falah hakuishia kusema kwamba vijiji viliharibiwa. Alivipanga kwa viwango vya uharibifu, kuanzia vile ambavyo havikubakisha hata jiwe hadi vile ambavyo nyumba zake zilikaliwa na watu wengine, kisha akauliza mpangilio huo unasema nini kuhusu nia ya walioharibu. Hapo jiografia inageuka kuwa aina ya uhakiki: mandhari inasomwa kama matini iliyofutwa baadhi ya maneno, na mhakiki anayatafuta maneno hayo katika alama zilizobaki.

Kazi ya aina hiyo imelaumiwa kwamba inachanganya usomi na siasa. Lawama hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama upande wa pili ungekuwa hauna jiografia yake. Mwaka 1949 serikali ya Israeli iliunda kamati ya wataalamu ili ipange majina ya Kiebrania kwa maeneo ya jangwa la Negev, na miongoni mwa walioshiriki katika kazi ya kuichora ramani ya Kiebrania alikuwa mwanajiografia David Benvenisti. Mwanawe, Meron Benvenisti, aliyewahi kuwa naibu meya wa Jerusalem, aliisimulia na kuihoji kazi hiyo katika Sacred Landscape (2000). Kwa hiyo swali si kama jiografia ina siasa au haina. Swali ni ipi kati ya jiografia hizo inayokubali kukaguliwa.

Katika suala hili la ukaguzi, tofauti za takwimu zina mafunzo. Mwanahistoria wa Kiisraeli Benny Morris, aliyetumia nyaraka za Israeli katika kitabu chake cha 1987, aliorodhesha vijiji na miji 369. Khalidi aliorodhesha vijiji 418. Msomaji mwenye haraka anaweza kudhani kwamba mmoja wao amedanganya. Ukweli ni kwamba tofauti hiyo inatokana kwa kiasi kikubwa na kigezo cha kuamua kitongoji gani kihesabiwe kuwa kijiji, na kwa kuwa kila orodha inataja majina, ingizo la huku linaweza kulinganishwa na ingizo la kule. Wataalamu wawili wenye misimamo tofauti ya kisiasa wamefikia hatua ya kubishana juu ya vigezo, wala hawabishani tena kama watu walikuwapo. Huo ni ushindi ambao hotuba haikuweza kuuleta.

Ushindi huo una gharama. Julai 2006 Falah, ambaye wakati huo alikuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Akron huko Marekani, alikamatwa na vyombo vya usalama vya Israeli alipokuwa akipiga picha karibu na mpaka wa kaskazini. Alizuiliwa kwa takribani majuma matatu, kisha akaachiliwa bila kufunguliwa mashtaka. Mwanajiografia anayetazama na kurekodi tayari amekwisha kuingia katika mgogoro, apende asipende.

Fasihi nayo haikusimama kando. Ghassan Kanafani alitumia istilahi ya fasihi ya upinzani kuhusu maandishi ya Wapalestina mwaka 1966, na Barbara Harlow akaipanua katika Resistance Literature (1987) hadi kuwahusisha waandishi wa Kenya, akiwemo Ngũgĩ wa Thiong'o. Mahmoud Darwish, mshairi mashuhuri kuliko wote wa Kipalestina, alizaliwa mwaka 1941 katika kijiji cha al-Birwa, ambacho ni mojawapo ya vijiji 418. Mahali pamoja pamekuwa ingizo katika orodha ya Khalidi na chimbuko la diwani nzima. Orodha inathibitisha kwamba kijiji kilikuwapo, na ushairi unaeleza kilikuwa nini kwa waliokikosa.

3.0 Mahame katika Mapokeo ya Pate na Lamu

Kenya si nchi geni katika habari hii. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ililipendekezea vuguvugu la Kizayuni ardhi katika nyanda za Uasin Gishu, na Kongamano la Kizayuni likalikataa pendekezo hilo mwaka 1905 baada ya tume kutumwa kuichunguza nchi hiyo. Aliyependekeza aliichukulia nyanda ile kuwa tupu, ingawa Wamaasai na Wanandi waliijua kwa majina ya mito na malisho yake. Dhana ya ardhi tupu ilifanya kazi Afrika Mashariki kama ilivyofanya kazi Palestina, na katika mwambao ilipewa nguvu ya sheria. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi ajitokeze na kuthibitisha dai lake, na ardhi ambayo haikudaiwa wala kuthibitishwa ikahesabiwa kuwa ya Taji.

Kabla ya sheria hiyo, na kwa sababu zisizohusiana nayo, washairi wa Pate walikuwa wamekwisha kuyaandika mahame. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, inamwongoza msomaji katika kumbi za matajiri wa Pate zilizokuwa na taa, mito na watumishi, na ambazo sasa ni makao ya wadudu na ndege. Ukamilifu wa fani yake umekwisha kuelezwa na wahakiki wengi. Linalohusu makala haya ni namna utungo huo unavyolitumia gofu. Kwa Sayyid Abdalla, gofu ni wasia. Linaihutubia nafsi iache ghururi ya dunia. Aliyeiangusha nyumba hatajwi, kwa kuwa katika mantiki ya utungo aliyeiangusha ni dunia yenyewe, ambayo humwangusha kila mtu.

Pate ya kihistoria haikuanguka hivyo. Ilidhoofishwa na fitina za ndani za kugombea utawala, na kushindwa kwa Pate na washirika wake Wamazrui katika vita vya Shela, takriban mwaka 1812, kuliyafungulia njia mamlaka ya Omani katika Lamu. Mshairi hakuwa na wajibu wa kuandika historia hiyo, na itakuwa ni kumwonea kumdai jambo ambalo hakukusudia. Lakini utungo mkubwa huwafundisha watu namna ya kutazama. Vizazi vilivyolelewa na Al-Inkishafi vilijifunza kuliona gofu na kusema, "Ndivyo ilivyo dunia." Kauli hiyo ina hekima yake mbele ya mauti. Mbele ya mtu aliyenyang'anywa shamba, kauli hiyo hiyo humpunguzia mnyang'anyi mzigo.

4.0 Mji Uliochorwa na Bara Lisilochorwa

Taaluma ya kisasa kuhusu Lamu ilishamiri katika miaka ya 1960 na 1970. A. H. J. Prins alichapisha Sailing from Lamu mwaka 1965, akiuchunguza utamaduni wa bahari. Abdul Hamid el-Zein alichapisha The Sacred Meadows mwaka 1974, akichambua dini na matabaka ya mji. Usam Ghaidan, msanifu majengo, alichapisha Lamu: A Study of the Swahili Town mwaka 1975. Marguerite Ylvisaker alichapisha mwaka 1979 utafiti wake juu ya ardhi, biashara na siasa za Lamu katika karne ya 19. Kwa pamoja kazi hizi zinafunika bahari, msikiti, nyumba na shamba. Haiwezi kudaiwa, basi, kwamba wataalamu hawakuuona upande wa bara. Ylvisaker aliueleza kwa kina. Alionyesha kwamba visiwa havikujilisha vyenyewe, bali vilitegemea mashamba ya ng'ambo ya mkondo, na kwamba mji wa mawe usingalikuwapo bila mtama na ufuta wa bara.

Tatizo liko kwingine. Kati ya kazi hizo, ile iliyogeuzwa kuwa mpaka ni ile ya nyumba. Kutokana na uchunguzi wa Ghaidan, na baadaye mpango wa uhifadhi ulioandikwa na Francesco Siravo na Ann Pulver na kuchapishwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya mwaka 1986, mji wa kale ulipata ulinzi wa kisheria. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Eneo lililoingizwa ni takribani hekta 16. Ni tukio la kujivunia, maana nyumba nyingi zingekuwa kifusi bila juhudi hiyo. Ila mhakiki hana budi kuuliza: nje ya hekta 16 hizo kuna nini?

Upande wa bara nao ulichorewa mipaka, lakini kwa ajili ya viumbe wengine. Hifadhi za Boni na Dodori zilitangazwa mwaka 1976, na hifadhi ya bahari ya Kiunga mwaka 1979. Katikati, baina ya nyumba zilizohifadhiwa na wanyama waliohifadhiwa, walibaki watu: Wabajuni waliokuwa na vijiji na mashamba katika pwani ya bara mpaka vita vya Shifta vya miaka ya 1963 hadi 1967 vilipowafanya wengi wakimbilie visiwani, Malindi na Mombasa, na Waaweer, wanaoitwa pia Waboni, ambao msitu ulikuwa ghala na maktaba yao. Wengi wa Wabajuni waliokimbia hawakurudi kwenye mashamba yao. Sehemu zao zikawa mahame kwa maana kamili ya neno, na haikuchapishwa orodha ya kuyataja mahame hayo moja moja kama Khalidi alivyoyataja ya kwao.

Majina pia yalibadilika. Ziwa lililojulikana kwa jina la Mkunguya, karibu na Mpeketoni, liliitwa Ziwa Kenyatta, na mpango wa makaazi ulioanzishwa hapo katika miaka ya 1970 ukachukua jina hilo hilo. Mabadiliko hayo hayakuhitaji kamati ya wataalamu kama ile ya Negev. Yalihitaji tu kwamba jina la awali liwe halimo katika maandishi yanayosomwa na wenye mamlaka.

Ikitazamwa kwa jicho la kihakiki, taaluma ya uhifadhi inaonekana kuwa na undugu na Al-Inkishafi. Zote mbili zinaupenda mji, zinalitazama gofu kwa huzuni na zinaeleza uzuri uliopita kwa umahiri. Na zote mbili zinaiacha sababu ya kuhamwa nje ya matini. Mtalii anayepita katika vichochoro vya Lamu huku ameshika kitabu cha mwongozo, na mcha Mungu anayeisoma Al-Inkishafi usiku, wanafika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti: wanaliona gofu, lakini hawamwoni aliyehamishwa.

5.0 Sambo ya Kiwandeo: Kutaja kwa Majina

Ndani ya mapokeo hayo hayo ya Lamu kuna njia nyingine, nayo inaonekana katika kazi ya Ahmed Sheikh Nabhany. Nabhany alizaliwa mwaka 1927 Matondoni, kijiji cha waundaji wa vyombo, na alifariki mwaka 2017. Utungo wake Sambo ya Kiwandeo ulichapishwa Leiden mwaka 1979, ukihaririwa na Gudrun Miehe na Thilo Schadeberg. Sambo ni chombo cha baharini, na Kiwandeo ni jina la kale la kisiwa cha Lamu. Utungo unaeleza kuundwa kwa chombo, mbao zake na sehemu zake, kila kimoja kwa jina linalotumiwa na mafundi wenyewe. Njia hiyo hiyo aliifuata katika Umbuji wa Mnazi (1985), anapoutaja mnazi na matumizi yake kipande kwa kipande.

Wapo wanaoweza kudai kwamba tungo za aina hii ni kamusi zilizotiwa vina, na kwamba zina upungufu wa hisia. Dai hilo linaifuata dhana ya ushairi inayotafuta nafsi ya mshairi tu. Hapa nafsi imejificha nyuma ya kazi, kama fundi anavyojificha nyuma ya chombo alichokiunda. Fani kuu ya utungo ni orodha, na orodha ina mantiki yake: kila jina ni dai kwamba kuna kitu, kuna anayekitengeneza, na kuna mahali kinapotoka. Anayetaja taruma anataja mti, anayetaja mti anataja pahali pa kuukata, na anayetaja pahali hapo amekwisha kutaja haki ya kuingia humo. Kwa njia hiyo, utungo unaohusu chombo unakuwa, bila kutangaza, maelezo ya jiografia: unaunganisha kisiwa na misitu ya bara, mikoko ya kingo za mikondo, na bahari ambayo chombo kitaivuka kwa kusi na kwa kaskazi.

Linganisho na Khalidi halilengi kudai kwamba Nabhany alikuwa mwanaharakati kwa maana ile ile. Alijulikana zaidi kwa juhudi za kuhifadhi lugha na kubuni istilahi. Lakini orodha yake na orodha ya Khalidi zinashiriki imani moja: kwamba kitu kilichotajwa kwa usahihi ni kigumu zaidi kufutwa kuliko kitu kilichosifiwa kwa ujumla. Al-Inkishafi inazitaja kumbi ili nafsi iziache. Sambo ya Kiwandeo inazitaja mbao ili mkono uweze kuziunganisha tena.

6.0 Ujuzi wa Mkondo Mbele ya Sheria

Thamani ya ujuzi wa aina hiyo ilipimwa hadharani baada ya mradi wa LAPSSET kuzinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012. Bandari mpya ilipangiwa Kililana, upande wa bara, mbali na hekta 16 za mji wa kale, lakini ndani kabisa ya mahali ambapo wavuvi walifanyia kazi. Mwaka huo huo wa 2012 wakaazi walifungua kesi, inayojulikana kama kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wakaazi zilikuwa zimekiukwa, zikiwemo haki ya mazingira safi, haki ya kupata habari, haki za utamaduni na haki za uvuvi wa jadi, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76.

Mhakiki wa fasihi ana sababu ya kuizingatia hukumu hiyo kama tukio la usomaji. Mpaka wakati huo utamaduni wa Lamu, katika matini za kimataifa, ulikuwa umekaa katika milango ya nakshi na kuta za matumbawe. Mahakamani utamaduni ulikaa mahali pengine: katika mkondo, katika mikoko ambamo samaki huzaana, katika ujuzi wa mvuvi asiye na chombo kikubwa cha kumfikisha bahari kuu wakati maji ya ndani yanapochimbwa. Ili kulidai hilo ilibidi watu waseme nani huvua wapi, kwa zana gani, na kitapotea nini. Kwa maneno mengine, ilibidi wataje kwa majina.

Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, kwa sababu kubwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Katika mapambano hayo muungano wa jumuiya za wenyeji, Save Lamu, ulikuwa mstari wa mbele, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuandaa itifaki ya jamii inayoeleza maisha, mila na mahali pa wakaazi. Itifaki hiyo ni maandishi ya utetezi, lakini ni pia mrithi wa utungo wa orodha. Pale Matondoni mshairi alitaja sehemu za chombo ili zisisahaulike. Hapa jamii inataja mahali pake ili pasigawiwe bila yeye mwenye mahali kuulizwa.

Isidhaniwe kwamba ushindi wa mahakamani ndio mwisho wa habari. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021, na mkondo uliochimbwa hauwezi kurudishwa kwa hukumu. Hata Palestina, orodha ya vijiji 418 haijamrudisha mtu yeyote kijijini. Orodha ina kazi ndogo zaidi na ya lazima zaidi: inazuia kauli ya kwamba hapakuwa na mtu.

7.0 Hatari ya Orodha

Usomaji huu ungekuwa pungufu kama usingeigusa hatari inayoukabili. Orodha ya waliokuwapo inaweza kugeuzwa kuwa orodha ya wasiostahili kuwapo. Wakulima waliopewa ardhi katika mpango wa Ziwa Kenyatta wengi wao walikuwa watu wasio na ardhi, nao walikuwa na historia yao ya kunyang'anywa iliyoanzia nyanda za juu wakati wa ukoloni. Juni 2014 watu wasiopungua 60 waliuawa katika Mpeketoni na vijiji vya jirani, katika mashambulizi ambayo kundi la Al-Shabaab lilidai kuyafanya. Wauaji walijaribu kuzivalia damu hizo vazi la malalamiko ya ardhi na dini. Taaluma inayotetea haki ya Wabajuni bila kuikataa kwa uwazi tafsiri hiyo itakuwa imeyaacha maneno yake mikononi mwa wauaji.

Hatari ya pili imo ndani ya dai lenyewe. Mashamba ya bara ambayo visiwa viliyategemea katika karne ya 19 yalilimwa kwa kiasi kikubwa na watumwa. Ylvisaker ameyaeleza hayo, na el-Zein ameonyesha jinsi tofauti kati ya waungwana na wazao wa watumwa ilivyoendelea kuugawa mji muda mrefu baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1907. Waliotoroka walitafuta hifadhi bara, baadhi yao katika himaya ya Witu. Kwa hiyo ramani kamili ya bara ya Lamu lazima ioneshe shamba la mwungwana, kibanda cha mtumwa aliyelilima, na njia aliyopitia alipotoroka. Anayeuliza "shamba hili lilikuwa la nani?" bila kuuliza "lililimwa na nani?" ameuliza nusu ya swali.

Inaweza kupingwa kwamba ukweli wa namna hiyo unampa silaha mpinzani: kwamba ofisa wa serikali atasema waliodai ardhi waliimiliki kwa jasho la wengine, na kwa hiyo hawana haki. Pingamizi hilo halina budi kujibiwa kwa kanuni iliyodhihirika katika mjadala wa Palestina. Nguvu ya orodha haitokani na usafi wa walioorodheshwa, bali inatokana na kukubali kukaguliwa. Kijiji hakikustahili kubomolewa hata kama wazee wake waligombana, wala shamba halikustahili kutwaliwa hata kama babu wa mwenyewe alitenda dhuluma. Zaidi ya hayo, wazao wa waliolima kwa kulazimishwa nao ni wakaazi wa Lamu, nao ni wavuvi na wakulima wa leo. Kuwataja hakulipunguzi dai, kwa kuwa wao ni sehemu ya wadai.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uhusiano kati ya taaluma ya mahali na harakati ya haki si jambo la hiari linaloingizwa na mtafiti mwenye hasira. Uhusiano huo umo tayari katika uamuzi wa kitu gani kitajwe, kichorwe na kulindwa. Katika tajriba ya Wapalestina, wanajiografia na wanahistoria walikataa kuyaacha mahame yabaki huzuni tupu, wakayageuza kuwa ushahidi unaoweza kubishaniwa kwa tarehe na majina. Katika Lamu, mapokeo ya Al-Inkishafi na taaluma ya mji wa mawe yaliyapa mahame uzuri na heshima, lakini hayakuyapa mdai. Mapokeo ya pili, yanayowakilishwa na Sambo ya Kiwandeo, yaliyahifadhi majina ambayo bila hayo hakuna dai linaloweza kusimama.

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wana zana za kazi hiyo kuliko wanavyodhani. Wamezoea kulinganisha miswada, kupambanua lahaja, kutafuta jina lililofichwa na mnakili. Vijiji vya bara vilivyohamwa katika miaka ya 1960 bado vina watu wanaovikumbuka, ingawa ni wazee na idadi yao inapungua kila mwaka. Wanajua kisima kilikuwa wapi, msikiti ulielekea njia ipi, nani alilima karibu na nani, na nani alimlimia nani. Hiyo ni matini ambayo haijahaririwa. Al-Inkishafi itaendelea kuzifundisha nafsi namna ya kuyapokea yaliyokwisha kuanguka. Vijiji hivi vinamngoja mhariri atakayeandika, kwa kila kimoja, jina lake, watu wake, mwaka wa kuhamwa kwake na sababu.